Mkimbiaji wa Mbio za Kati Anapopungua Kasi: Umri au Ugonjwa?

Mwezi Julai 2004, mjini Rome, Hicham El Guerrouj wa Morocco alimaliza wa nane katika mbio za mita 1500. Ni katika mji huohuo alikoweka rekodi ya dunia ya umbali huo mwaka 1998, dakika 3:26.00, na ile ya maili mwaka 1999, dakika 3:43.13. Sasa alikuwa anakaribia kutimiza miaka 30, na dhahabu ya Olimpiki hakuwa nayo: Atlanta mwaka 1996 alianguka, na Sydney mwaka 2000 alishindwa na Noah Ngeny wa Kenya. Ilikuwa rahisi kusema kwamba zama zake zimepita. Wiki chache baadaye, huko Athens, alishinda mita 1500 na mita 5000. Katika wiki hizo umri wake haukurudi nyuma hata siku moja. Mapema katika msimu ule alikuwa akisumbuliwa na tatizo la kupumua, na tatizo la kupumua hutibika.

Swali la kama mkimbiaji amepita kilele chake huonekana kuwa la makocha na wapenzi wa michezo. Hata hivyo, mara nyingi huletwa kliniki likiwa limevaa nguo nyingine: “Daktari, miguu ni mizito,” au “Siku hizi mzunguko wa mwisho unanishinda.” Jibu la haraka kwamba ni umri linaweza kumaliza riziki ya mtu, na pia linaweza kuuficha ugonjwa. Katika mbio hizi tofauti ni ndogo mno. Asilimia moja ya dakika 3:30 ni sekunde 2.1, na sekunde mbili hutosha kumtoa mshindi wa medali hadi nafasi ya kumi. Upungufu ambao mfanyakazi wa ofisini asingeuhisi kabisa humwangusha mkimbiaji mbele ya watu.

Umri hakika una kazi yake. Kwa wastani, wakimbiaji wa mita 800 na 1500 hufikia ubora wao wa juu katikati ya miaka ya ishirini au baadaye kidogo. Mapigo ya juu kabisa ya moyo hupungua taratibu kadiri miaka inavyosonga, na uwezo wa mwili kutumia oksijeni hushuka baada ya miaka 30 hivi, ingawa kwa anayeendelea na mazoezi makali hushuka polepole zaidi kuliko kwa aliyeyaacha. Mbio za kati hudai vitu viwili kwa pamoja, pumzi na kasi, na kwa kawaida kasi ndiyo hutangulia kuaga. Mkimbiaji hubaki na kundi hadi kengele ya mzunguko wa mwisho, kisha hana cha kuongeza. Mazoezi ambayo zamani yalihitaji siku mbili za kupumzika sasa huhitaji nne.

Saa peke yake ni shahidi dhaifu. David Rudisha, mwenye rekodi ya dunia ya mita 800 ya dakika 1:40.91 aliyoiweka London mwaka 2012, alitwaa ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa dakika 1:45.84. Karibu sekunde tano nyuma ya rekodi yake! Lakini mashindano ya ubingwa hayana mtu wa kuvuta kasi. Wakimbiaji huviziana na kuanza kukimbia kwa nguvu mwishoni. Mwaka uliofuata, huko Rio, alishinda tena kwa dakika 1:42.15. Tena, viatu vya kisasa vyenye soli nyepesi inayodunda vimebadilisha hesabu, kwa hiyo kulinganisha muda wa leo na wa miaka kumi iliyopita ni kulinganisha vitu viwili tofauti.

Tarehe ya kuzaliwa nayo hudanganya. Katika fainali ya mita 800 ya Athens, Maria Mutola wa Msumbiji, mwenye miaka 31, alimaliza wa nne, na aliyeshinda alikuwa Kelly Holmes wa Uingereza, mwenye miaka 34. Kwa muda, wawili hao walikuwa wamefanya mazoezi pamoja. Holmes alikuwa ameandamwa na majeraha kwa miaka mingi, na mwaka huo mwili ulipompa nafuu alishinda pia mita 1500. Safari hiyo Mutola ndiye aliyekuwa na jeraha la msuli wa nyuma ya paja. Aliyeyahesabu mataji yao kwa miaka ya kuzaliwa angekosea kwa wote wawili.

Kwa mhudumu wa afya, kinachofaa kuulizwa kwanza ni namna kasi ilivyopungua. Umri hushusha kidogo kidogo, msimu baada ya msimu, na daftari la mazoezi huonyesha mteremko huo mrefu. Mkimbiaji aliyeshuka ndani ya wiki sita au miezi mitatu achukuliwe kuwa mgonjwa hadi vipimo vionyeshe vinginevyo. Basi daftari hilo lifike kliniki pamoja naye. Lina habari ambazo kumbukumbu huzipoteza.

Jambo la kwanza la kutazama ni damu. Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu wa damu kwa mtu mzima kuanzia hemoglobini iliyo chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanaume, na 12 kwa mwanamke asiye mjamzito. Lakini viwango hivyo ni vya pwani. Anayeishi Iten, mita 2400 hivi juu ya usawa wa bahari, hutarajiwa kuwa na hemoglobini ya juu zaidi, na majibu yanayoonekana mazuri kwa mtu wa Dar es Salaam yanaweza kuwa ya upungufu kwake. Akiba ya madini ya chuma, yaani feritini, yaweza kupungua kabla hemoglobini haijaguswa. Feritini nayo hupanda mtu anapokuwa na maambukizi, hivyo kuipima katikati ya malaria huleta matumaini ya uongo. Malaria yenyewe huharibu chembe nyekundu za damu, na mkimbiaji aliyemaliza dozi juzi bado hajapata nafuu ya uwanjani.

La pili ni chakula. Mwili unaotumia nguvu nyingi kuliko unazopewa huanza kubana matumizi: hedhi hukoma, mifupa hudhoofika na kupata nyufa, usingizi huharibika, na mkimbiaji hupungua kasi huku akisifiwa kwa wembamba. Mwanamke aliyekosa hedhi kwa miezi mitatu bila ujauzito anahitaji uchunguzi. Kuambiwa kwamba ni kawaida ya wanariadha ni kosa, na kosa hilo bado husikika hata kwa watu waliosoma.

Kikohozi kisichoisha, jasho la usiku na kupungua uzito humaanisha kupima kifua kikuu. Kubanwa pumzi baada ya mazoezi humaanisha kuchunguza pumu. Anayezimia wakati anakimbia, anayepata maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio bila mpangilio asimamishwe mazoezi siku hiyohiyo na apelekwe kwa daktari wa moyo. Uchovu wa mazoezi kupita kiasi upo kweli, na kupona kwake huchukua miezi, lakini hauna kipimo kimoja; hutajwa baada ya mengine kuondolewa.

Uzazi nao huhesabiwa haraka kuwa mwisho. Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua mwaka 2018. Mwaka 2023, akiwa na miaka 29, alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 1500 chini ya dakika 3:50, kwa muda wa 3:49.11.

Matibabu yana miiko yake. Vidonge vya chuma humezwa mbali na chai, na akiba hujazwa kwa miezi kadhaa. Dripu inayozidi mililita 100 ndani ya saa 12 hukatazwa kwa mwanariadha isipokuwa katika matibabu halali ya hospitali au kwa kibali, na dawa za pumu za kuvuta zina kikomo cha dozi. Mwandika dawa aulize mapema kama mgonjwa hupimwa dawa zilizokatazwa michezoni.

Ikiwa damu ni nzuri, uzito umetulia, mifupa ni mizima, usingizi upo, mazoezi hayajabadilika na kasi bado imeshuka kwa misimu miwili au mitatu, hapo ndipo umri unaweza kutajwa, na utajwe waziwazi. Mkimbiaji asiyeambiwa hujibu mteremko kwa kula kidogo zaidi na kukimbia zaidi, au huangukia mikononi mwa muuza sindano. Wengine huhamia umbali au aina nyingine ya mbio. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, alipata medali yake ya fedha ya Olimpiki mwaka 1980 katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji. El Guerrouj hakushindana tena baada ya Athens. Mwaka 2006 alitangaza kustaafu.