Lisemwalo Lipo?

Wahenga walinena: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Huku kwetu, Kayole, Umoja hadi Dandora, methali hii imekuwa ngao ya wavumishi. Mtu hajaona kitu lakini anaeneza tu, ati lazima kuna jambo.

Tutazame Tana Delta. Mwaka wa 2012 na 2013 Wapokomo na Waorma walipigana, wakafa watu zaidi ya 100. Ugomvi ulikuwa wa ardhi na maji, lakini uvumi uliutia petroli. Ndipo ukaanzishwa mradi uitwao Una Hakika. Mwanakijiji akisikia habari ya kutisha, alituma ujumbe wa simu. Wajitoleaji wakauliza wazee, machifu na polisi, kisha jibu likarudishwa kijijini.

Nasi tujiulize maswali matatu:
1. Ni nani aliyeona kwa macho yake?
2. Ni nani atakayefaidika nikieneza?
3. Ni nani ajuaye ukweli? Habari za kura huulizwa tume ya uchaguzi, si makanga.

Sisi wa kidato cha tatu wengi wetu bado hatupigi kura, lakini ulimi tunao. Tuuchunge.