Ukandaji wa Mwili: Ujuzi wa Mikono Unaoelekea Kuwa Taaluma

Kiswahili kina vitenzi vitatu kwa kazi hii, na kila kimoja kina mahali pake. Kukanda ni kuubonyeza mwili kwa viganja, au kuugandamiza kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto. Kuchua ni kukisugua kwa mafuta kiungo kilichoteguka au msuli uliokaza. Kusinga, hasa katika mwambao wa pwani, ni kuusugua mwili kwa manukato, kama afanyiwavyo bi harusi kwa singo. Utajiri huo wa maneno ni ushahidi kwamba ujuzi huu haukuletwa na saluni za mijini wala hoteli za watalii. Ulikuwapo majumbani, mikononi mwa akina bibi na wakunga wa jadi, kabla ya leseni yoyote kuandikwa.

Jambo jipya ni kwamba leo ujuzi huo umekuwa ajira. Vijana wanafungua vyumba vya masaji, hoteli za kitalii za Zanzibar na za bara zinaajiri wakandaji, na wenye maumivu ya mgongo wanaulizia huduma hiyo mitaani. Hivyo swali linalowahusu wakazi wa kata ni hili: je, kazi hii itakua na kuwa taaluma ya kuaminika, au itabaki kazi ya kubahatisha, ambamo mteja hana uhakika wa usalama wake na mkandaji hana heshima anayostahili?

Faida na mipaka yake

Mwezi Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu tiba isiyo ya upasuaji kwa watu wazima wenye maumivu sugu ya sehemu ya chini ya mgongo. Shirika hilo linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliugua maumivu ya sehemu hiyo. Mwongozo huo unautaja ukandaji miongoni mwa huduma zinazoweza kumsaidia mgonjwa, sambamba na mazoezi ya viungo na elimu ya kujitunza.

Mkulima anayeinama shambani mchana kutwa, mchukuzi wa mizigo sokoni na fundi cherehani aliyekaa juu ya kigoda wana sababu ya kuifurahia habari hiyo. Lakini ukandaji umetajwa kuwa msaidizi wa tiba nyingine. Hauungi mfupa uliovunjika, hauyeyushi uvimbe wa saratani, wala hauchukui nafasi ya dawa za shinikizo la damu. Mkandaji anayedai kuponya kila maradhi huwacheleweshea wagonjwa tiba, na huiharibia kazi yake jina.

Kujua wakati wa kutokanda

Tofauti kati ya mtu mwenye nguvu za mikono na mwanataaluma huonekana pale mwanataaluma anapokataa kukanda. Zipo hali ambazo mkono haupaswi kugusa kabla ya mhudumu wa afya kumwona mgonjwa.

Mguu mmoja uliovimba ghafla, wenye joto na maumivu, huenda una damu iliyoganda ndani ya mshipa. Kuuchua kunaweza kuling'oa bonge hilo, likasafiri hadi mapafuni na kusababisha kifo. Mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni anaweza kuunguzwa na maji ya moto bila kutambua. Mjamzito anayeminywa tumbo kwa nguvu ili mtoto ageuke anaweza kuachiwa na kondo la nyuma kabla ya wakati, akavuja damu nyingi. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, akikandwa tumbo kwa maji ya moto kama ilivyo desturi katika familia nyingi, anaweza kuungua au kuumizwa mshono. Tahadhari kama hiyo inahitajika kwa mwenye homa, kidonda kibichi, ugonjwa wa ngozi unaoambukiza au mfupa unaoshukiwa kuvunjika.

Katika hali zote hizo, kazi ya mkandaji ni kumwelekeza mgonjwa zahanati au kituo cha afya. Mteja naye ana wajibu wa kueleza hali yake bila kuficha, kwa kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Maelezo haya hayawadharau akina bibi waliowalea wazazi kwa mikono yao. Yanakusudia kuutia nguvu ujuzi wao kwa maarifa ambayo hawakupata nafasi ya kufundishwa.

Funzo kutoka Uingereza

Tatizo jingine ni la jina. Baadhi ya vyumba vyenye bango la masaji hutumiwa kuficha biashara ya ngono, na fedheha yake humwangukia kila mwenye kazi hii, hasa mabinti wanaotafuta riziki kwa uaminifu. Jambo hili si geni. Mwaka 1894, jarida la madaktari wa Uingereza lilifichua kwamba nyumba kadhaa za ukandaji jijini London zilikuwa madanguro. Wauguzi na wakunga waliokuwa wakikanda wagonjwa kwa nia njema walijikuta wanatiliwa shaka.

Wanawake wanne, akiwamo muuguzi na mkunga Rosalind Paget, hawakuiacha kazi yao. Mwaka huohuo waliunda chama cha wakandaji waliofunzwa. Waliweka mitihani, wakatoa vyeti, na wakajifunga kwa masharti: mwanachama asikande ila kwa maelekezo ya daktari, wala asijitangaze katika magazeti ya kawaida. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoleta majeruhi wengi, wakandaji hao walihitajika hospitalini. Mwaka 1920 chama kilipata hati ya kifalme, na mwaka 1944 kikachukua jina la fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Fani hiyo leo inafundishwa pia Tanzania, ikiwamo KCMC mjini Moshi. Kazi iliyokuwa ikidhihakiwa iliokolewa na mafunzo, mitihani na masharti ambayo wenye kazi wenyewe walikubali kuyafuata.

Nafasi ya watu wasioona

Nchini Japani, katika karne ya 17, Sugiyama Waichi, ambaye hakuwa akiona, alianzisha mafunzo ya tiba ya sindano na ukandaji kwa wasioona wenzake, na kazi hiyo ikawa tegemeo lao kwa vizazi vingi. Korea Kusini ilikwenda mbali zaidi: sheria yake inatoa leseni ya ukandaji kwa watu wenye ulemavu wa kuona pekee, na mwaka 2008 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliihalalisha. Si lazima kila nchi ifuate mfano huo. Hata hivyo, unaonyesha kwamba kazi inayotegemea hisia za vidole inaweza kumpa asiyeona kipato cha kudumu, mradi afundishwe.

Hatua zilizo karibu na mwananchi

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili watoa huduma hizo. Anayetumia ukandaji kama tiba ya asili au mbadala anapaswa kumwona Mratibu wa Tiba Asili katika halmashauri ili aelekezwe utaratibu wa usajili. Anayefungua chumba cha biashara anahitaji leseni ya biashara, na eneo lake liwe safi: maji ya kunawa, shuka safi kwa kila mteja, na mafuta yasiyochotwa kwa vidole kutoka kopo la wote.

Kwa upande wa mtaji, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha wakandaji kinaweza kuomba kama vikundi vingine, kwa kuanzia ofisi ya Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kuhusu vyeti, utaratibu wa VETA wa kutambua ujuzi wa waashi, maseremala na makanika waliojifunza kazini unatoa kielelezo ambacho wakandaji waliojiunga pamoja wanaweza kukitumia kudai fursa kama hiyo.

Viti na mashine za kukanda zimeanza kuonekana madukani, na wapo wanaohofu kwamba zitawanyang'anya watu kazi. Mashine husugua yeyote anayeikalia; haimuulizi kama mguu ulivimba jana, wala haimshauri aende zahanati. Kwa hiyo, kabla ya kulala kitandani mwa mkandaji, mkazi na aulize mambo matatu: amefunzwa wapi, amesajiliwa na nani, na ni hali zipi ambazo hakubali kuzikanda. Atakayeyajibu yote kwa uwazi ndiye anayestahili kulipwa.