Unamtaka Mtoto Mzima kwa Ajili ya Nani?

SOMO LA WIKI
Soma kwanza: Mwanzo 35:16–18, 1 Samweli 16:1–13, Yohana 9:1–3



Ijumaa moja tulikaa na vijana hapa ukumbini tukatazama filamu kwa projekta. Inaitwa Gattaca, ni ya Marekani, ilitoka mwaka wa 1997. Ilipoisha, kijana mmoja akainua mkono: "Pastor, kwani huyo baba alikosea wapi? Alitaka tu mtoto asiumwe. Hata wewe si ungetaka?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimpa jibu la haraka haraka, tukafunga kwa maombi, nikaenda nyumbani. Somo la leo ndilo jibu nililopaswa kumpa.

Habari yenyewe

Filamu inaonyesha siku zijazo ambapo tone la damu linatosha kusema mtu atakuwa nani. Antonio na Marie wanapata mtoto wa kwanza kwa njia ya kawaida. Sekunde chache tu baada ya kuzaliwa anapimwa, na muuguzi anasoma majibu: uwezekano wa ugonjwa wa moyo ni asilimia 99, na anakadiriwa kuishi miaka 30.2. Baba alikuwa na jina tayari, jina lake mwenyewe. Akiisha kusikia majibu, mtoto anaitwa Vincent.

Kwa mtoto wa pili hawataki kubahatisha. Wanaenda kwa mtaalamu wa jeni. Amewatengenezea viinitete vinne kwenye maabara, wavulana wawili na wasichana wawili, wachague. Wanachagua mvulana, ili Vincent apate wa kucheza naye. Wamekwisha kusema macho yawe ya rangi gani na nywele ziwe vipi. Mtaalamu naye ameondoa upara, macho mafupi, unene, hata mwelekeo wa ulevi. Wazazi wanasita kidogo, wanauliza kama si vizuri mambo mengine yaachwe yajitokeze yenyewe. Anawatuliza: mtoto ni wao kabisa, isipokuwa amechukua yale mazuri yao tu. Wanakubali. Huyu wa pili ndiye anayepewa jina la baba: Anton.

Nia tatu ndani ya mzazi mmoja

Ya kwanza ni upendo, na tusiukatae. Mzazi anayeambiwa mwanawe atakufa kijana hawezi kulaumiwa kwa kutafuta njia. Kama nia ingekuwa hiyo peke yake, ningemwambia yule kijana kwamba baba hakukosea.

Ya pili ni hofu ya watu. Vincent anapelekwa shule ya watoto wadogo na anakataliwa, kwa sababu bima haitalipa akianguka. Wazazi wameona mlango ukifungwa mbele ya mtoto wao. Wanataka wa pili akute milango iko wazi. Hii nayo tunaielewa. Ni nani kati yetu hajawahi kuhangaika na barua ya shule?

Ya tatu ndiyo inayojificha nyuma ya hizo mbili: jina. Antonio hakutaka tu mtoto asiumwe. Alitaka mtoto anayestahili kubeba jina lake. Nia hii haionekani kwa vile anavyomtendea Anton. Inaonekana kwa vile anavyomtendea Vincent. Vincent akiota kwenda angani, baba anamwambia kwamba roketi ataingia tu kama anaifagia. Siku anayoondoka nyumbani, Vincent anachana sehemu yake kutoka kwenye picha ya familia. Wapendwa, mtoto hachani picha kwa sababu ndugu yake ana afya. Anachana kwa sababu ameshajua kwamba nafasi yake hapo ni ya kuazima.

Sasa niseme yangu

Wengi wenu hamjui kwamba kijana wetu wa kwanza ana ugonjwa wa selimundu, ule tunaouita sikoseli. Hamjui kwa sababu nilificha. Mke wangu na mimi kila mmoja ana jeni moja ya ugonjwa huo bila kuumwa, na wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 kwamba mtoto ataugua. Tulijua baada ya yeye kuanza kulia usiku, mikono na miguu imevimba.

Mnanijua kama mtu anayeombea wagonjwa pale mbele. Kuna Jumapili niliwawekea mikono wagonjwa wa watu nikitoka kumwacha wangu wodini. Mlipouliza, nilisema amesafiri kwa nyanya yake.

Tulipotaka mtoto wa pili, rafiki alinieleza kwamba siku hizi kuna kliniki zinazopima kiinitete kabla hakijawekwa tumboni, wakaacha chenye ugonjwa. Mimi nilisomea biashara, nilifundishwa kupima hatari kabla ya kuweka pesa. Usiku huohuo nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Hatukwenda. Ningependa kuwaambia ilikuwa imani, lakini ukweli ni kwamba pesa haikuwepo. Hata swali la vile viinitete vinavyoachwa, ambalo linanisumbua sana leo, usiku ule halikunijia.

Binti yetu akazaliwa, akapimwa, akawa hana ugonjwa. Nilimpigia baba yangu, nikampigia mchungaji, nikawapigia wazee watatu wa kanisa. Mke wangu alikuwa amelala na mtoto kifuani. Akaniuliza polepole, "Na ya kaka yake ilipotoka, ulimpigia nani?"

Sikuwa nimempigia mtu yeyote.

Siku hiyo ndipo nilipojua hesabu ya kwenye karatasi ilikuwa ya nini. Nilimtaka mtoto mzima, ndiyo, asiumie kama kaka yake. Lakini nilimtaka pia aokoe ushuhuda wangu, watu waone nyumba ya mtumishi ina baraka. Sikupungukiwa kitu mbele ya Antonio ila kliniki.

Neno linasemaje

Tazama nyumba ya Yese. Samweli anakuja kumpaka mafuta mfalme, na baba anapanga wana saba mbele yake. Wa nane hakuitwa. Yuko malishoni, na baba hakumtaja mpaka nabii alipouliza kama wavulana wameisha. Hata Samweli mwenyewe alikuwa ameshampenda Eliabu kwa umbo lake, mpaka Mungu akamzuia na kumfundisha kwamba yeye huangalia moyo.

Tazama Yakobo. Raheli anakufa kwa uchungu wa kuzaa, na kwa pumzi ya mwisho anampa mtoto jina la huzuni, Benoni. Yakobo amempoteza mke aliyempenda kuliko wote. Angekuwa na sababu ya kumwangalia mtoto yule kama hasara. Lakini anambadilishia jina palepale: Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Antonio alisikia habari mbaya akalizuia jina lake. Yakobo alikuwa ndani ya habari mbaya akatoa jina la heshima.

Na wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa swali lenyewe. Mimi nililiogopa swali hilo miaka yote hiyo, na Bwana wangu alikuwa ameshalijibu.

Kutibu si dhambi

Mtu asitoke hapa akisema pastor amekataza hospitali. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ambayo madaktari huchukua seli za mgonjwa mwenyewe wa selimundu, wakarekebisha jeni ndani yake na kuzirudisha mwilini. Kule Marekani bei yake ni zaidi ya dola milioni 2. Siku ikifika kwetu kwa bei ya mwananchi, nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, na nitaimba nikiwa kwenye foleni. Tiba hiyo inamjia mtoto aliyepo, mwenye jina, inamwondolea maumivu. Na vijana mnaochumbiana, nendeni mkapimwe damu kabla ya harusi, mjue mnaingia na nini.

Kwa hiyo kijana wangu uliyeuliza, jibu ni hili. Kumtakia mtoto afya si kosa. Kosa la yule baba lilianza kabla ya maabara, pale kitandani, alipoamua kwamba mtoto mwenye majibu mabaya hawezi kubeba jina lake. Maabara ilimpa tu njia.

Nilimwomba kijana wetu ruhusa ya kuandika haya. Ana miaka tisa. Akasema, "Andika, lakini usiseme nimesafiri kwa nyanya." Jumapili hii akijisikia vizuri atakaa nami kiti cha mbele.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
1. Je, kuna mtoto nyumbani kwako ambaye humtaji wageni wakiuliza? Kwa nini?
2. Yese alimwacha Daudi malishoni. Sisi kanisani huwa tunamwacha nani?
3. Ukiomba mwanao apone, unaomba apumzike yeye, au upumzike wewe na macho ya watu?

Maombi
Baba, tusamehe tulioona aibu juu ya watoto uliotupa. Waponye wanaoumwa. Na wasipopona leo, tupe neema ya kuwaita kwa majina yao mbele za watu. Katika jina la Yesu, amina.