Chokaa ya Gede na mwendo wa kurudi

Swali: Tumefundishwa kwamba mmenyuko unaoweza kurudi nyuma hufikia msawazo. Mbona basi matumbawe yakichomwa tanuuni huishia kuwa chokaa?

Jibu: Kwa sababu tanuu liko wazi. Jiwe la matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Likipata joto la nyuzi 900 hivi huachana na kaboni dioksidi, ikabaki chokaa isiyozimwa. Gesi ikishachukuliwa na upepo, hakuna cha kuungana tena na chokaa. Lifungie jiwe hilohilo katika chombo kisichopitisha hewa, kwa joto lilelile, gesi itajaa mpaka kasi ya kuachana ilingane na kasi ya kuungana. Msawazo ndio huo: si kusimama, kama wengi wanavyodhani, ni kwenda na kurudi kwa kasi moja. Utasema kurudi huko hakuonekani. Itazame kwa karibu plasta ya magofu ya Gede, katika pwani ya Kenya. Chokaa yake ilizimwa kwa maji, ikapakwa ikiwa laini kama uji mzito, halafu polepole ikavuta kaboni dioksidi ya hewani na kugeuka tena kalsiamu kaboneti, ngumu kama jiwe. Kweli, njia si ileile, maana maji yaliingia kati. Lakini katika joto la kawaida la Pwani, hata gesi ile kidogo, chini ya sehemu 1 kati ya 2,000 za hewa, hutosha kuirudisha chokaa ilikotoka.