Kwaya inaimba, waumini wanasikiliza

Swali: Kwaya yetu hapa Maposeni inaimba vizuri, lakini waumini wako kimya. Tufanyeje?

Jibu: Hati ya Kanisa kuhusu muziki mtakatifu, Musicam Sacram, ya mwaka 1967, kipengele cha 16, haipendi kwaya ihodhi nyimbo zote na kuwaacha waumini nje. Anzeni na majibizano ya padre na waumini, kisha "Mtakatifu" na kiitikio cha wimbo wa katikati. "Mtakatifu" huo usibadilishwe kwa miezi kadhaa. Walimu wengi wa kwaya hubadilisha haraka kwa kuwa wao wameshauchoka, wakati waumini ndiyo kwanza wanaushika.

Dakika tano kabla ya Misa, mwalimu asimame mbele, awaimbishe watu kiitikio mstari kwa mstari, kinanda kikiwa kimezimwa. Sauti ianzie chini. Ikianzia juu, wazee huacha mapema. Namna hii si ngeni kwetu: kuongoza na kuitikia tunakujua tangu kwenye ngoma zetu, na Padre Stephen Mbunga alishaandika kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu mwaka 1963. Kiitikio hichohicho kipelekeni kwenye jumuiya ndogo ndogo wiki hiyo; kule hata asiyejiamini huimba.