Besi ya Spika na Masikio Yetu



Kwenye harusi na sherehe za Kipaimara, Nachingwea hadi Ruangwa, nyimbo hupigwa kwa spika kubwa. Sauti ikiwa ndogo, sikio husikia besi kwa shida. Ndiyo maana watu huongeza sauti ili wimbo unoge. Lakini besi ikizidi hufunika maneno, na mpigaji huongeza tena.

Ndani ya sikio mna chembe zenye vinyweleo vidogo sana. Sauti kubwa huziua, wala hazioti tena. Wataalamu wa afya kazini huruhusu desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Zikifika 100, ni dakika 15 tu.

Tufanye hivi:

1. Ukilazimika kupaza sauti ili jirani yako akusikie, muziki umezidi. Upunguzwe.
2. Punguzeni besi kwanza, maneno yatasikika.
3. Watoto wakae mbali na spika.
4. Masikio yakilia baada ya sherehe, hilo ni onyo. Yakiendelea kulia kesho yake, nenda hospitali. Usitie mafuta sikioni.

Masikio ni zawadi ya Mungu. Tuyatunze, tulisikie Neno lake hadi uzeeni.