Zege Kavu Haliogopi Sakitu: Namna ya Kulinda Kazi za Nje katika Maeneo ya Baridi

Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, wakazi wa maeneo ya juu ya nyanda za kusini huamka na kukuta majani yamekuwa meupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Katika uwanda wa Kitulo, ulioko takribani mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, hali hiyo ni ya kawaida katika majira ya baridi. Wakulima wa viazi wanaifahamu vyema hasara yake. Ipo hasara nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni ile inayolipata zege la nje: ngazi za zahanati, sakafu za vituo vya kuchotea maji, njia za shule na kingo za mifereji.

Sehemu kubwa ya kazi hizo hujengwa kwa nguvu za wananchi. Mchanga husombwa kwa mikono, saruji hununuliwa kwa michango. Ngazi inapomomonyoka, hasara haiishii kwenye sura ya jengo. Mama mjamzito hupanda ngazi hiyo alfajiri ikiwa na unyevu, na mtoto hukanyaga sakafu hiyo akiwa na ndoo ya lita 20 kichwani. Makala haya yanaeleza kwa nini zege la nje huharibika katika maeneo ya baridi, na hatua ambazo kamati za vijiji, mafundi na wenye nyumba wanaweza kuzichukua.

Adui ni maji

Zege huonekana kama jiwe, lakini ndani yake mna vinyweleo vingi visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo hivyo huachwa na maji yaliyozidi wakati wa kuchanganya: saruji hutumia sehemu ya maji ili kushika, na yanayobaki hukauka na kuacha nafasi tupu. Mvua inaponyesha au maji yanapotuama, nafasi hizo hujaa tena.

Maji yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9. Ikiwa kinyweleo kina nafasi tupu ya kutosha, barafu hupata mahali pa kutanukia na zege halidhuriki. Ikiwa kimejaa maji karibu chote, barafu husukuma kuta zake na kuzipasua. Jua likichomoza barafu huyeyuka, maji huingia katika ufa mpya, na usiku unaofuata kazi hiyo huanza upya. Baada ya misimu kadhaa uso wa zege hubanduka magamba na kokoto hubaki wazi.

Katika milima yenye theluji, kama ile ya Uswisi na ya magharibi mwa Marekani, mzunguko huo hurudiwa mara nyingi katika msimu mmoja, na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huongeza uharibifu. Katika nyanda za juu za kusini baridi si kali kiasi hicho. Sakitu huja katika miezi ya kiangazi, wakati zege kubwa la nje limekwisha kukauka, na kwa kawaida baridi yake hugusa uso tu. Kwa hiyo mahali pa kuogopa ni pale ambapo maji hayakauki hata kiangazi: chini ya bomba la kuchotea maji, kwenye kivuli cha ukuta, mahali matone ya bati yanapoangukia, na kwenye sakafu iliyomwagwa bila mwinamo.

Ulinzi huanza siku ya kumwaga

Hakuna dawa ya kupaka inayoweza kuliokoa zege lililochanganywa vibaya. Kwa kazi ya nje katika maeneo ya baridi, mchanganyiko wa 1:1½:3 unafaa zaidi kuliko ule wa 1:2:4 uliozoeleka. Kwa vipimo vya kijijini, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 huchanganywa na ndoo mbili na nusu za mchanga na ndoo tano za kokoto, kila ndoo ikiwa ya lita 20. Maji yasizidi lita 22.5 kwa mfuko, na yapunguzwe ikiwa mchanga una unyevu. Fundi anayeongeza maji ili zege limwagike kwa urahisi anaongeza vinyweleo ambavyo sakitu itavitumia.

Mwinamo ni wa lazima. Sakafu ya nje ishuke angalau sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea mahali ambapo maji yataondoka na si kwenye msingi wa jengo. Kumwaga unga mkavu wa saruji juu na kuulainisha kwa mwiko, kazi ambayo mafundi huiita kupiga niru, hakufai kwa ngazi na njia za nje. Ngozi hiyo laini huteleza, nayo hubanduka mapema. Uso upitishiwe fagio zege likiwa bado bichi ili upate mikwaruzo ya kushika mguu.

Baada ya kumwagwa, zege litunziwe unyevu kwa siku zisizopungua 7, na zaidi katika miezi ya baridi, kwa kuwa saruji hushika polepole kadiri joto linavyopungua. Jioni lifunikwe kwa nailoni, na juu yake ziwekwe nyasi kavu au magunia. Zege changa likiganda usiku wa kwanza hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na nguvu hizo hazirudi. Ikiwezekana, zege la nje lisimwagwe kabisa katika wiki za sakitu.

Kukagua zege lililokwisha kujengwa

Kipimo cha kwanza hakihitaji gharama. Maji kidogo humwagwa juu ya zege kavu lililo safi. Yakisimama kama matone juu ya jani la mgomba, zege bado lina kinga. Yakinywewa ndani ya dakika chache na kuacha doa jeusi, vinyweleo viko wazi.

Kabla ya kupaka chochote, maji yaondolewe kwenye chanzo chake: mfereji uzibuliwe, bomba linalovuja litengenezwe, paa liwekewe mfereji wa kukinga maji. Kisha uso usuguliwe kwa brashi ngumu hadi utando wa kijani uishe, sehemu zilizolegea zigongwe na kuondolewa, na nyufa zizibwe. Mbolea iliyomwagika ifagiliwe mara moja. Mbolea zenye amonia, ikiwemo SA, hula zege, na sakafu iliyohifadhiwa mbolea hiyo huchakaa hata pasipo baridi.

Kuchagua dawa ya kuzuia maji

Dawa za kuzuia maji zipo za aina kuu mbili. Aina ya kwanza hupenya ndani ya zege kwa milimita chache na kuzifanya kuta za vinyweleo zikatae maji. Viambato vyake huandikwa kwenye kopo kwa majina ya sileni au siloksani. Haibadilishi sana rangi ya zege wala haileti utelezi, na huruhusu mvuke uliomo ndani kutoka. Kwa ngazi, njia na sakafu za vituo vya maji katika maeneo ya baridi, hii ndiyo inayofaa zaidi.

Aina ya pili huacha utando juu ya uso, kama ilivyo kwa akriliki na epoksi. Utando huo hung'aa, lakini huteleza ukilowa. Unyevu ukipanda kutoka ardhini, hunaswa chini ya utando, na usiku wa baridi huubandua. Epoksi nyingi pia hubadilika rangi zikipigwa na jua. Aina hii ina kazi yake ndani ya majengo.

Oili chafu ya gari isitumike kamwe. Huchafua udongo na vyanzo vya maji, na huzuia dawa halisi kushika baadaye. Aidha, ndani ya tanki la maji ya kunywa isipakwe dawa yoyote ambayo haikuthibitishwa kuwa salama kwa maji ya kunywa.

Wakati na namna ya kupaka

Zege jipya lisubiri siku 28. Zege la zamani liwe kavu, likiwa limekaa angalau saa 24 bila kuloweshwa. Miezi ya Septemba na Oktoba inafaa sana: mvua hazijaanza, na baridi imepungua. Nafasi nyingine ni mwishoni mwa Mei, mvua zikishakatika na kabla sakitu haijashika. Kazi ifanyike kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, siku ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa haikutabiri mvua, na mpakaji avae glovu na miwani ya kinga.

Maelekezo ya kopo yafuatwe. Kiasi kinachohitajika hukokotolewa kabla ya kununua. Njia ya zahanati yenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 1.5 ina mita za mraba 30. Ikiwa kopo linaeleza kuwa lita moja hutosha mita za mraba 5, zitahitajika lita 6 kwa mkono mmoja wa kupaka. Kinga hii haidumu milele, hivyo kipimo cha matone ya maji kirudiwe kila mwaka, na dawa ipakwe tena pale maji yanapoanza kunywewa.

Pa kuanzia fedha ikiwa kidogo

Kijiji hakihitaji kupaka dawa kila zege lililopo. Sakafu kavu yenye mwinamo na inayopata jua inaweza kusubiri. Kipaumbele kiende kwenye sehemu mbili: kituo cha kuchotea maji, ambako zege huingia katika usiku wa sakitu likiwa limelowa, na ngazi za zahanati na shule, ambako kuteleza kwa mtu mmoja kunaweza kugharimu zaidi ya kopo la dawa.

Kamati za vijiji zinashauriwa kukagua kazi zao mara mbili kwa mwaka, Mei na Septemba, na kuandika zilichokiona. Nyufa pana, ngazi zilizozama au nondo zilizoanza kuonekana zitolewe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji ili zifikishwe kwa mhandisi, kwa kuwa hizo hazitibiwi kwa dawa ya kupaka. Mengine yote yako ndani ya uwezo wa wanakijiji wenyewe. Jembe la kuzibulia mfereji na brashi ya kusugulia tayari vimo majumbani, navyo hufanya nusu ya kazi kabla kopo halijafunguliwa.